Jamvi Lililofuata Kivuli

Ua wa nyumba ya shangazi yangu, Likoni, ulikuwa na kivuli kisichotulia. Asubuhi kililala kando ya ukuta wa nyumba. Jua likipanda kikajivuta chini ya mwarobaini. Kufika adhuhuri kilikuwa kimebaki ukanda mwembamba chini ya upenu wa jiko. Watoto aliowalea shangazi walikifuata na jamvi lao. Alikuwa akitoka jikoni, akitazama mchanga, na akiona jua limegusa magoti ya walioketi pembeni aliita, "Kivuli chahama!" Wao wakajibu, "Nasi twahama!" na wote wakasimama.

Ukingoni mwa jamvi alikuwa ameshona vipande vya leso kuukuu, kila mtoto na rangi yake. Kila mmoja alishika pake. Walilinyanyua, wakalikung'uta mchanga mpaka wakapiga chafya, wakalichukua kwa pamoja kama siafu wachukuavyo panzi, na kulitandika penye kivuli kipya. Wakikaa, waliendelea na alifu na hesabu walipoachia. Mara tano, siku nyingine sita, tangu saa mbili ya asubuhi mpaka adhuhuri.

Mimi ndiye niliyelikomesha jambo hilo. Nilifanya hivyo kwa nia njema, na nia njema hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Watoto wenyewe walikuwa kama ishirini, wa miaka mitatu mpaka sita. Mama zao walikwenda shamba, au walivuka kwa feri kuuza mboga ng'ambo, au walifua katika nyumba za Wazungu. Shangazi, mjane asiye na mtoto, aliwapokea alfajiri na kuwarudisha baada ya adhuhuri. Aliwafundisha sura fupi fupi, herufi, na kuhesabu kwa kokwa za ukwaju. Hakuna aliyepaita skuli. Watu walisema tu, "Nimemwacha mwana kwa bibi."

Nilifika kwake katikati ya mwaka uliotangulia uhuru. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na nilikuwa nikingoja barua ya kazi kutoka Nairobi. Nyumba ya baba yangu Chaani ilikuwa imejaa wageni wa reli, jamaa wa jamaa, basi nikaambiwa niende nikakae kwa shangazi mpaka barua ije. Kukaa kulikuwa jambo gumu kwangu. Nilizunguka uani, nilizunguka mtaani, na kila nilichokiona nilikiuliza sababu. Kwa nini watoto wakariri wasichokielewa? Kwa nini maji ya kunywa yawe upande ule na ya kunawa upande huu? Kwa nini abiria wa feri wapige bismillahi, na chombo kina injini?

"Na hiyo injini, baba," alinijibu shangazi, "haizimiki?"

Alikuwa akiniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. Hakunikasirikia hata siku moja. Niliuliza maswali mengi sana nyumba ile, na sasa nikiyahesabu naona machache tu yalikuwa yakingoja jibu.

Miongoni mwa watoto hao alikuwako msichana mmoja wa Bofu, mtoto wa pekee wa mwanamke aliyelima mihogo na kuiuza ng'ambo. Alipokuwa na miaka miwili alipatwa na homa, na homa ilipoondoka mguu wa kushoto ulibaki mwembamba, wenye kuburura. Mama yake alimleta mgongoni kila asubuhi. Alikwisha kwenda skuli ya serikali iliyo karibu kuulizia nafasi, na mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: mwezi wa kwanza atampokea, iwapo mtoto ataweza kutembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka darasani, na wakati wa mapumziko aende chooni na bombani bila kubebwa. Skuli haina yaya. Mama huyo aliyarudia maneno hayo mbele ya shangazi, nami nikiwapo, kisha akasema, "Bibi, mie sina mwingine. Nataka aingie kwa miguu yake."

"Inshallah," alisema shangazi. Siku ile ile alichukua sindano ya kushonea magunia, akatia kitanzi cha leso nyekundu kwenye pembe moja ya jamvi, pembe iliyopita karibu na ukuta. Hakusema ni cha nini. Mtoto alitia mkono wake katika kitanzi, na jamvi lilipokwenda naye akaenda.

Nilikitazama kitanzi kile miezi mitatu bila kukiona.

Siku moja, mwezi wa tisa, kivuli kilihama na watoto wakafanya haraka kuliko kawaida. Jamvi lilimvuta yule msichana, akaanguka kifudifudi, mdomo ukajaa mchanga. Wawili watatu walicheka. Shangazi alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, wala hakwenda kumwinua. Alingoja. Watoto nao walisimama, wamelishika jamvi wima kama pazia. Msichana alitema mchanga, akavuta kitanzi, akapiga goti, akasimama. Safari ikaendelea.

Mimi niliona mdomo wenye mchanga tu. Nilimwendea mlangoni mwa jiko.

"Shangazi, huu ni ukatili."

"Upi, baba?"

"Kumbebesha jamvi mtoto kiwete."

"Halibebi. Analishika tu."

"Na hawa wengine? Wakianza kusikiliza, wahamishwa. Wakianza kuhesabu, wahamishwa. Kwani wao mbuzi?"

"Mbuzi ana akili. Hakai juani."

"Skuli watakaa tangu asubuhi mpaka kengele ilie. Huyu msichana ataulizwa herufi, hataulizwa jamvi. Uhuru waja, shangazi. Nchi itataka watu waliozoea kukaa wakasoma."

Alikoroga sufuria yake. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilichukulia kuwa amekubali. Leo sina hakika kama lile halikuwa swali, tena lililongoja jibu.

Kwa akiba yangu ndogo nilijenga banda kati ya mwarobaini na jiko: nguzo sita za mkoko, paa la makuti, pana kiasi cha kutia kivuli toka asubuhi mpaka jioni. Nilimwita fundi seremala wa mtaani, akatengeneza mabenchi manne na meza nne ndefu kwa mbao za masanduku ya bandarini. Fundi huyo alikuwa mtu wa mzaha. Nilipompa vipimo alikiangalia kile kikosi kilichokaa jamvini, akaniangalia mimi.

"Hawa wana miguu mirefu hivyo?"

"Ndivyo yalivyo mabenchi ya skuli. Nataka wayazoee."

"Basi miguu itaning'inia."

"Itakua."

"Sawa, bwana. Mie naunda benchi, miguu aunda Mungu."

Jamvi lilikunjwa, likafungwa kamba, likapandishwa darini.

Nisiseme uongo, siku za mwanzo zilinifurahisha. Ua ulitulia. Watoto walikaa watano watano wakielekea ubao nilioupaka rangi nyeusi kwa mkono wangu, na mimi nilisimama mbele na chaki. Mama zao waliokuja adhuhuri walisimama mlangoni wakastaajabu. Watoto walirudi nyumbani safi, bila mchanga masikioni. "Wametulia," walisema. "Kama si wao." Wakaanza kumwita shangazi Bi Mwalimu, naye, aliyekuwa akiwapokea na leso ya jikoni, akaanza kuvaa leso mpya asubuhi. Watoto wengine wakaletwa kutoka mtaa wa pili.

Zikapita wiki. Miguu ilining'inia, na iliponing'inia ilianza kubembea, na ilipobembea nilikataza. Kufika saa nne baadhi walikuwa wamelaza vichwa mezani. Waliokuwa macho walifinyana. Mtoto mmoja mnene, wa mwenye duka la pembeni, ambaye zamani ndiye aliyelikung'uta jamvi kwa nguvu kuliko wote, alianza kujikojolea benchini, kitu ambacho hakuwa akikifanya. Nilijiambia kuwa ni ugeni wa mambo, wataizoea nidhamu.

Huyo huyo aliniuliza siku moja, "Mwalimu, mbona wewe hukai?"

Ni kweli sikuwa nikikaa. Nilikuwa nikitembea toka nguzo hii mpaka ile, asubuhi nzima, kama nilivyotembea maisha yangu yote.

"Mimi nafundisha," nilimjibu.

"Kufundisha hakuna kukaa?"

"Hakuna."

"Basi nami nataka kufundisha."

Banda zima lilicheka. Nilicheka na mimi, na jioni nilimwandikia rafiki yangu wa chuoni barua nikamsimulia kwa kuwa niliona ni kichekesho kizuri. Niliipeleka mpaka posta, kwa miguu.

Yule msichana wa Bofu nilimweka benchi la mbele. Alikuwa hodari. Mwezi wa kumi na moja alikuwa akisoma maneno mafupi, na kabla ya mwaka kwisha alisoma sentensi nzima za kitabu nilichokuwa nacho. Mama yake alimweka hapo alfajiri kutoka mgongoni, na adhuhuri akamchukua hapo hapo. Akitaka maji, wenzake walishindana kumletea kata. Niliwasifu kwa huruma yao mbele ya darasa. Ilifika wakati akikohoa tu watoto wawili wameshakimbilia mtungini, wamefurahi kupata sababu ya kuinuka.

Shangazi alinena mara moja tu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Yule mwana leo hajainuka."

"Anasoma," nilisema.

"Jana pia hakuinuka."

"Jana pia alisoma, shangazi."

Akaendelea na mchele wake.

Mwezi wa kwanza tulikwenda skuli watatu: mama, mtoto, na mimi niliyevaa shati la mikono mirefu ili ionekane nimesoma. Mama alimbeba mpaka barabarani, penye lango. Hapo alimteremsha. Kutoka langoni mpaka ofisini palikuwa karibu, na palikuwa na ukuta mfupi wa mawe. Mtoto alikwenda akiushika, akasimama mara tatu kupumzika. Nilimwambia mama kuwa ni woga wa siku ya kwanza.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alimpa kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na mwalimu mkuu akanitazama mimi kwa heshima ambayo, nakiri, niliipokea yote. Kisha akamwambia, "Vyema sana. Sasa nenda pale bombani ukanawe mikono, urudi nikuandike."

Bomba lilikuwa upande wa pili wa kiwanja cha mchanga. Mtoto alisimama ameshika meza. Akaiacha meza, akashika mlango. Akauacha mlango. Alipiga hatua nne, mguu wa kushoto ukichora mstari mchangani, akatafuta kitu cha kushika kwa mkono wa kulia, mkono ule ule wa kitanzi. Vidole vilifumba na kufumbua. Hapakuwa na kitu. Basi akakaa. Hakuanguka, alikaa taratibu, akakunja mikono mapajani kama nilivyomfundisha, akatungoja.

"Mlete mwaka ujao," alisema mwalimu mkuu. "Kichwa anacho. Mlete mwaka ujao, mama."

Njiani mama alimbeba mgongoni. Tulipokaribia kwa shangazi ndipo aliponena, na hakunielekea mimi. Alikuwa akijisemea na njia.

"Zamani za jamvi alikuwa afika kisimani. Peke yake. Nilimkuta mara mbili akirudi, kopo la maji mkononi. Nikasema nisimsifu, nisije nikamtilia jicho."

Nilisimama. Kisima kilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya jiko. Mimi niliishi katika nyumba ile, na sikuwa nikijua.

Shangazi alijua mara alipotuona, kwa kuwa mtoto hakubaki darasani, alikuwa bado mgongoni. Aliwapa chai na mkate wa mofa, akawasindikiza, akarudi akakaa kizingitini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kazi ya kitanzi. Nilimuuliza kwa sauti kubwa, kama kwamba kosa ni lake.

"Hukuniuliza, baba. Ulikuja na jawabu."

"Ungelinikataza."

"Ningelikukataza." Alitazama mabenchi. "Na mie nilipenda kuitwa Bi Mwalimu. Wallahi nilipenda. Miaka yote hii mie ni bibi wa kuachiwa watoto, mara nimekuwa mwalimu. Nikaona na mato yangu haya kuwa mwana yuwarudi nyuma, nikasema, labda kesho."

Sikuwa nimewahi kumsikia akijilaumu. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu, na niliona hata maneno hayo ni namna ya kutaka nisikilizwe mimi tena. Nikakusanya vikombe vya chai. Barua ya Nairobi ilifika wiki ile, nikaondoka.

Nimejisumbua sana kwa jambo hili, maana mimi si mtu wa kuamini kitu kwa kuwa kinauma. Huenda jamvi lisingemfikisha bombani. Huenda mguu ule ulikuwa umefika mwisho wake kisimani. Sina la kupimia, na anayesema anajua anajidanganya. Ninachokijua ni kwamba alikuwa na miezi minne ya kujiandaa, na kwa miezi hiyo minne nilimkalisha, na wenzake ishirini pamoja naye, kisha nikawaita watulivu. Mimi niliyeuliza sababu ya kila kitu sikuuliza sababu ya benchi. Nilikaa juu ya benchi tangu nina miaka saba, nikaliona kama ardhi yenyewe. Nani huiuliza ardhi?

Nilirudi Likoni kwa mapumziko mafupi mwishoni mwa mwaka huo huo, bendera mpya zikishonwa kila mtaa. Banda lilikuwa limekuwa la kuku na kuni. Jamvi la zamani, liliposhushwa darini, lilionekana limeliwa na mchwa katikati. Shangazi alikuwa akisuka jingine, na watoto walikaa juu ya nusu iliyokwisha sukwa, wakihama na kivuli huku upande wa pili miyaa ya kusukia imening'inia kama ndevu. Yule mnene alikuwa ameshakwenda skuli. Nilitafuta kipande chekundu.

"Mama yake hamleti tena," alisema shangazi. "Nimekwenda mara mbili kumwita. Asema atampeleka mahali gani, na mwana ameshazoea nyumbani."

Siku ya kuondoka niliamka mapema nikaenda Bofu. Mama hakwenda ng'ambo siku hiyo, alikuwa uani akimenya mihogo, na msichana alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, jamvi dogo chini yake, mguu mwembamba umenyooshwa mbele. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na mikono hodari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wasoma bado?"

"Nasoma magazeti ya kufungia maandazi. Lakini huwa yamekatwa."

Nilimuuliza mama kuhusu skuli, mwezi wa kwanza ukikaribia. Hakuwa na hasira; hilo ndilo lililonishinda.

"Sikwenda tena kuuliza, mwalimu. Yeye hanisumbui. Ajua kukaa sasa. Naondoka alfajiri, narudi alasiri, namkuta pale pale nilipomwacha."

Tulikaa. Tulizungumza habari za mihogo na mvua. Jua lilikuwa likija polepole juu ya mchanga, nililiona likifika ukingoni mwa jamvi, likapanda, likagusa goti la msichana. Hakusogea. Nikasema, kwa sauti ndogo kwa sababu niliona haya, "Kivuli chahama."

Alinitazama. Akaweka nazi chini.

"Jamvi hili halina kitanzi," alisema.

Mama aliacha kisu.  Alishika ncha ya leso yake kuukuu nyekundu, akaipasua kwa meno, akanirushia ukanda. Niliupenyeza katika msuko wa pembe ya jamvi kwa kijiti, nikafunga fundo ambalo shangazi angelicheka. Msichana alishuka, akatia mkono. Nilishika pembe ya pili. Alijiinua kwa kujivuta, akatetemeka, akasimama. Tulikwenda hatua tano mpaka ukutani penye kivuli, mimi nikienda kinyumenyume ili niuone mguu, na tukatandika. Alikuwa akihema. Alikaa, akaomba nazi yake.

Niliangalia saa. Mama aliniona nikiangalia.

"Usichelewe, mwalimu," alisema. "Feri haingoji."

Kivuli pale ukutani kilikuwa chembamba. Kabla ya saa sita kingekuwa kimeondoka. Saa sita mimi nilitakiwa niwe nimeshavuka, mzigo mkononi, nikielekea stesheni. Niliwaaga. Nilipofika penye shamba la mihogo niligeuka nikatazama. Mama alikuwa amerudi kwenye kisu chake, msichana anakuna, na ule ukanda mwekundu umelala mchangani, upande wa pili wa jamvi hakuna mtu.